Neno Jipya Lipimwe na Nani?

Liko shauri linalosemwa sana siku hizi katika mikutano ya waalimu, nalo limekwisha kuingia hata katika mabaraza ya kanisa, kwamba neno lisilopatikana katika kamusi si neno. Mtoto akiliandika katika insha yake likatwe kwa kalamu nyekundu, na mhubiri akilitamka mimbarani aonywe. Wenye shauri hili ni watu wa heshima, nao wakipenda Kiswahili kwa moyo wote. Waona lugha ikiingiliwa kutoka kila upande, hasa kwetu sisi wa Ihanda, ambako malori yapita mchana na usiku kwenda Tunduma na kurudi, na kila lori ni kama lashusha neno moja pamoja na mzigo wake. Hofu yao twaielewa. Walakini shauri lenyewe twalikataa, na sababu zetu ni hizi.

Na tuulize kwanza, hiyo kamusi ilipata wapi maneno yake? Mwaka 1928 watu wa serikali na wa misheni walikutana Mombasa, wakapatana kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha kwa nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na tangu hapo kitabu cha shule kilitakiwa kipate kibali chake. Katika miaka yake ya kwanza hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi katika kamati ile. Hatusemi hivyo ili kuwadharau; kamusi ya 1939 iliyotoka mikononi mwa Frederick Johnson na wenzake ni kazi kubwa, na mpaka leo aliye nayo hawezi kuitupa. Twasema ili ijulikane kwamba hata wao hawakuumba maneno yote waliyoyaandika. Waliyakuta vinywani mwa watu, wakayaorodhesha. Mwenye duka huhesabu mali iliyomo dukani. Haileti mali kwa kuihesabu. Ndivyo ilivyo kamusi, huandikwa nyuma ya wasemaji, wala haiwatangulii.

Baada ya uhuru likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, nalo ndilo lililotoa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Baraza lina kazi ya haki, maana sheria za nchi, mitihani na vitabu vya sayansi haviwezi kungoja hata watu wote wapatane sokoni. Lakini hata Baraza likitoa neno, laweza kupendekeza tu. Neno likitoka ofisini na watu wasilitie kinywani, litakaa kitabuni kama nguo ya harusi sandukuni.

Wengine hawaulizi habari za kamusi, wauliza asili. Wasema neno la kigeni lisipokewe, tutumie la Kibantu. Sisi Wakristo ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Tukiondoa mageni yote, tutasali wapi? Kanisa ni neno lililotoka kwa Waarabu, na injili vilevile, na askofu, nao Waarabu walikuwa wameyapata mengine kwa Wayunani. Ubatizo na Pasaka yametoka mbali zaidi. Meza tumepewa na Wareno. Shule, ambayo watoto wetu huiendea kila asubuhi, ni neno la Wajerumani. Nayo hela ni jina la sarafu yao ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904. Wajerumani walikwisha kuondoka, fedha yao ikaondoka, na hela ikabaki mfukoni mwetu, wala hakuna mzee wa Ihanda ajionaye kuwa Mjerumani akiitaja.

Tena jambo hili lilikwisha kujaribiwa, na aliyelijaribu alikuwa mtu wa misheni. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alifasiri Agano Jipya lililotoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kuepuka maneno yaliyotoka Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Nia yake ilikuwa njema: alidhani mtu wa bara atasikia vizuri zaidi akisemeshwa kwa maneno yaliyo karibu na lugha ya mama yake. Nayo Biblia yake ilisomwa na wengi wa bara. Lakini ilipotoka Biblia ya Umoja mwaka 1952, ambayo haikuwafukuza Waarabu mlangoni, hiyo ndiyo iliyoenea makanisani na ndiyo iliyo mikononi mwetu. Kwa nini? Kwa sababu maneno yale ya Kiarabu yalikuwa yamekwisha kuwa ya Waswahili. Wazazi walikuwa wamekwisha kulia nayo makaburini na kuimba nayo Krismasi. Neno lililokwisha kulia na watu huwezi kulirudisha kwao kwa hoja ya asili.

Basi ikiwa kamusi si kipimo, na asili si kipimo, kipimo ni nini? Twajibu: ni msikiaji. Na si kila msikiaji, bali yule mwenye haja na jambo linalosemwa. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya kunena katika kusanyiko alishika njia iyo hiyo; hakuuliza usemi umetoka juu au chini, aliuliza kama aliyeketi kusikiliza amejengwa. Neno jipya likimpa msikiaji kitu ambacho hakuwa nacho, likaketi vema katika ulimi wake na kufuata ngeli zetu, lipokewe, hata kama limezaliwa chini ya lori. Likimnyang'anya alichokuwa nacho, likataliwe, hata kama limevaa tai.

Na tuanze na yale yaliyozaliwa njiani, maana ndiyo yanayokatwa sana kwa kalamu nyekundu. Mtoto wa darasa la sita aliandika kwamba baba yake alikwenda boda kwa bodaboda. Mwalimu, ambaye hatumtaji, akakata maneno yote mawili, akaandika juu yake, mpakani, na pikipiki ya kukodi. Sisi twasema mtoto alikuwa na haki. Mpaka ni mstari unaotenga nchi na nchi, au shamba na shamba. Neno hilo ni letu na litadumu. Lakini mtu wa Ihanda akisema boda hasemi mstari. Asema mahali: milango ya forodha, foleni ya malori, wabadili fedha, akina mama wenye mabeseni ya nyanya, na kituo kile cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichofunguliwa mwaka 2019, ambacho jina lake rasmi ni refu kiasi kwamba mwenye haraka angefika Zambia kabla ya kulimaliza. Boda limejaza nafasi iliyokuwa wazi. Tena si jambo la kila kitu cha boda kupokewa. Ng'ambo ya pili nguo kuukuu za ng'ambo huitwa salaula. Sisi tunayo mitumba, nayo yatutosha. Salaula na libaki na wenyewe kwa amani.

Nalo bodaboda lina historia njema kuliko maneno mengi ya vitabuni. Lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wakiita wateja kwa kusema boda, boda. Baiskeli ikawa pikipiki, na neno likasafiri nchi nzima hata kufika kwetu. Halikuwa na mlinzi wala kibali, lilikuwa na kazi. Nani atatuambia leo tuite pikipiki ya kukodi, na mgonjwa yuko kitandani, na usiku umeingia?

Lakini neno ambalo twataka kulitetea kuliko yote ni lumbesa. Wako waliosoma wanaoliona kuwa la kihuni. Wasomaji wetu walio wakulima walijua vema, maana limewauma. Gunia lajazwa hata mdomo, kisha lashonewa kamba juu na kuongezwa kilemba, hata lapita kiasi chake cha haki, na mnunuzi alipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu mzigo wa mazao uliofungashwa upite kilo 100. Sasa mfikirieni mkulima wa viazi au mahindi ambaye hana jina la dhuluma hiyo. Atakwenda ofisini aseme nini? Atasema, gunia langu lilijazwa sana. Ataulizwa, mbona uliuza? Atarudi nyumbani amenyamaza. Lakini akisema, wamenifungia lumbesa, mara moja dhuluma ina uso, ina jina, na Wakala wa Vipimo wajua la kutafuta, kwa kuwa nao hulitumia jina lilo hilo katika matangazo yao. Halikutungwa ofisini, limetoka chini likapanda. Mwalimu anayelikata katika insha ya mtoto wa mkulima, kwa nia njema, amemsaidia mwenye kushona kilemba.

Tukitoka hapo twaona maneno ya namna nyingine, ambayo si mageni wala hayakutungwa, bali ni ya kale yaliyoitwa kazini upya. Hayo ndiyo yapokewayo kwa urahisi. Vyombo vya kuruka vilipokuja, wengine waliandika eropleni. Watu wakatazama juu wakaona ndege, wakaita ndege, shauri likaisha. Barakoa lilikuwa vazi la usoni la wanawake wa pwani; mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, likaamka usingizini na kwa miezi michache tu likajulikana mpaka vijijini. Mtandao latoka katika kutanda. Wakulima wa kahawa wa Mbozi huita ugonjwa wa majani kutu, kwa jinsi unavyofanana na chuma kilicholowa, na ugonjwa wa matunda wauita chulebuni. Hakuna bwana shamba anayehitaji kuyatafsiri. Na jiwe lile la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye uzito wa tani zipatazo 16, ambalo wageni huja kulitazama katika wilaya yetu, hatukuhitaji kuliazimia jina Ulaya. Kiswahili kilikuwa na kimondo tangu zamani, kwa ile nyota ipitayo usiku. Ilitosha kuliinamia lililokwisha kufika chini.

Hata lugha za bara zimechanga. Tusemapo ngeli, jina la makundi ya majina katika sarufi, twatumia neno la Wahaya. Ikulu limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Basi asiseme mtu kwamba Kiswahili safi ni cha pwani peke yake, na kwamba Mnyiha au Mnyamwanga hana la kutia chunguni.

Sasa twaja kwa maneno ya kutungwa, na hapa twajua tutawaudhi baadhi ya waalimu wenzetu. Ilipokuja kompyuta, wataalamu walitunga ngamizi, wengine wakatunga tarakilishi, ambalo huko Kenya lafundishwa shuleni. Ni maneno yaliyotungwa kwa akili. Lakini mtu wa Vwawa aliyekwisha kuandika kompyuta kwenye ubao wa duka lake atapata faida gani akilifuta? Kompyuta limekwisha kuvaa irabu zetu, latamkika, na kila mtu alijua. Kumwambia aliache ni kumtoza kodi ya neno. Twapendelea jinsi Baraza lilivyofanya kwa ile ndogo ya kubebwa: kompyuta mpakato. Humo mna mgeni mmoja na mwenyeji mmoja, na mwenyeji ametoka katika kupakata, kama mama apakatavyo mtoto magotini. Neno hilo halihitaji mwalimu, lajifundisha lenyewe.

Wapinzani wetu watajibu, mbona kishikwambi limepokewa, nalo lilikuwa geni masikioni mwa wengi? Ni kweli, na mfano huo watusaidia sisi. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na baadaye waalimu wa shule za serikali wakagawiwa. Watu waliona kitu na kusikia jina siku moja. Jina lilikuja likiwa limeshika mkono wa kitu chake. Na tazameni tofauti: mwaka 2021 tulipewa Uviko kuwa jina la ugonjwa ambao watu walikuwa wamekwisha kuuita korona kwa mwaka mzima. Uviko likakaa katika barua na mabango, korona likabaki katika mazungumzo. Halikuwa neno baya, lilichelewa. Kinyume chake ni Ukimwi, lililotungwa kwa herufi za Upungufu wa Kinga Mwilini. Siku za kwanza, mapema miaka ya 1980, watu wa Kagera waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanya biashara. Na penye jina la fumbo watu husema kwa mafumbo. Jina jipya liliwapa waganga, wachungaji na wazazi neno moja la kusema wazi, na ndani yake mkawa na maana ya ugonjwa wenyewe. Hapo ofisi ilifanya kazi yake vema, kwa kuwa ilikuwa na kitu cha kumpa msikiaji.

Yako na maneno ambayo twayakataa bila huruma. Katika mkutano wa ushirika kijana asimama, asema, wazee naomba mkonfemu ili tuweze kusapoti hili. Wazee watazamana. Kuthibitisha lipo. Kuunga mkono lipo, tena lina picha nzuri ya mikono. Kijana huyo hakukosa neno, alitaka kuonekana. Na walioumia ni wale wazee, ambao waliulizwa jambo la mali yao wakashindwa kujibu, si kwa ujinga, bali kwa kuwa swali halikuelekezwa kwao. Ubaya wa kukonfemu si kwamba limetoka Uingereza. Meli nalo lilitoka huko, na hakuna anayelilalamikia. Ubaya wake ni kwamba limemsukuma mwenye nyumba nje ya baraza lake. Na kama baadhi ya wahubiri wetu wangejisikiliza Jumapili moja, wangeona ni mara ngapi wanawaacha nje akina mama wa mabenchi ya nyuma.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu neno la watu ni baya na neno la ofisi halijulikani. Mkulima anyunyiziapo mibuni yake husema amepiga dawa. Mtoto akiugua pia apewa dawa. Chupa ya kikohozi ni dawa, na chupa iliyofungwa pembeni mwa ghala, yenye kuua mdudu kwa tone, nayo ni dawa. Serikali, kwa sheria ya mwaka 2020, imeweka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na hivyo neno rasmi ni kiuatilifu: humo mna kuua, na mna tilifu, yaani kuharibu, ni kitu kiuacho viharibuo mazao. Neno limejengwa sawasawa. Lakini ni wangapi kati ya wenye mabomba mgongoni walitambuao? Hapa kipimo chetu cha msikiaji chaonekana kutushinda, kwa kuwa msikiaji amekwisha kupokea dawa, nalo limeketi ulimini mwake kwa raha.

Hatukubali kwamba kimeshindwa. Tulisema neno lipimwe kwa linachompa mwenye haja, na mwenye haja hapa ni pia mtoto wa miaka mitatu anayetambaa ghalani, na mama anayetafuta chombo cha kutilia maji. Kwao dawa ni neno la uongo. Lampa tumaini mahali penye mauti. Tusingoje hata kiuatilifu lizoewe. Tunalo neno la kale, fupi, ambalo hakuna asiyeliogopa: sumu. Na tuseme sumu ya wadudu, sumu ya magugu, sumu ya ukungu. Wauzaji watanung'unika, maana sumu haiuziki kwa utamu kama dawa. Mwalimu wa sayansi na afundishe kiuatilifu darasani, kwa kuwa mtoto atalikuta katika mtihani na katika barua za serikali; lakini kwenye mlango wa ghala na liandikwe sumu, kwa herufi kubwa. Hilo ni shauri ambalo twaweza kulianza bila kibali cha mtu, na chama cha ushirika chenye chokaa na brashi chaweza kulimaliza kwa siku moja.

Kwa habari ya shule, twawaomba waalimu wa kata yetu wajaribu jambo moja katika muhula ujao. Kila darasa liwe na daftari moja. Mtoto aletaye neno kutoka shambani, sokoni, kituo cha mabasi au boda, asikatwe. Aliandike humo, aseme amelisikia kwa nani, lafanya kazi gani, na kama Kiswahili tayari kina jingine lifanyalo kazi ile ile. Darasa lijadiliane. Yaliyoshindwa yapigwe mstari hapo, na watoto wenyewe, kwa sababu waliyoitaja. Yaliyoshinda yanakiliwe mwisho wa mwaka na kupelekwa Baraza la Kiswahili, ili wenye kuandika kamusi wapate la kuhesabu. Daftari la kwanza tumekwisha kulifungua, na ukurasa wake wa kwanza wasomeka hivi: lumbesa, nomino, ngeli ya i- na zi-, mzigo wa mazao uliofungashwa kupita kipimo halali, limeletwa na mtoto wa mkulima wa viazi, halina jingine.